Mwanangu, kuhusu hizo nguvu za mwanaume

Mwanangu,

Umeuliza kama ni kweli anachosema msimamizi wa gereji yenu huko mtaa wa Unga Limited, Arusha, kwamba magari ya utalii yanataka fundi mwenye nguvu za mwanaume, na kama ukubali kuhamishiwa mapokezi.

Usikubali haraka. Kwanza tuzipime hizo nguvu. Nati ya gurudumu la Land Cruiser inayotaka newtonimita 200 (kipimo cha nguvu ya kuzungusha) kufunguka, kwa spana ya sentimita 40 utaikandamiza kwa kama kilo 50. Vika bomba, mpini ufike mita 1, kilo 20 zinatosha. Legeza nati gari likiwa bado chini, umezuia magurudumu kwa magogo, jeki baadaye. Spana ikae yote kwenye nati na ukandamize kuelekea chini, maana ikishika nusu inateleza, inakula kona za nati na vidole vyako. Wakati wa kukaza weka bomba kando, tumia toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, ukiruka kutoka nati moja hadi ya upande wa pili. Hapo ndipo wenye mabavu wanapokata stadi, yaani bolti inayoshika nati, kisha wageni wanakwama porini.

Gia boksi nayo hushushwa kwa jeki yake. Gereji isiyo nayo inaumiza migongo ya wote, na wanaume wanaona haya kulalamika.

Mapokezi wanaweza hata kukuongezea mshahara. Lakini ukikaa miaka miwili bila kufungua injini, cheti chako cha ufundi cha VETA kitabaki karatasi. Waambie wakupe agizo la uhamisho huo kwa maandishi, pamoja na sababu. Nawe andika daftarini kila kazi: tarehe, gari, ulichofanya, nani alikagua. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamkataza mwajiri kubagua kwa jinsia, ndoa au ujauzito. Ukishaonyesha dalili za kutosha, yeye ndiye wa kuthibitisha kwamba hakubagua. Wakishikilia, peleka fomu namba 1 CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, hapo hapo Arusha ndani ya siku 60. Ukichelewa, itabidi kwanza ueleze kwa nini, na wanaweza kukataa.

Maneno ya shangazi yako kuhusu mchumba nayaacha.

Ukija Moshi chukua toki renchi yangu. Kila ukimaliza kuitumia irudishe kwenye kipimo cha chini kabisa. Springi ikilala imebanwa, inaanza kudanganya.

Baba yako