Omba Sauti Yenyewe, Usiridhike na Muhtasari

Wakili mwenzangu unayeanza kutetea washtakiwa katika mahakama za shirikisho hapa Marekani, mteja wako akishasomewa mashtaka, usikae ukingoja faili lije lenyewe. Sehemu kubwa ya Kanuni ya 16 ya mwenendo wa kesi za jinai za shirikisho, inayohusu kupeana ushahidi kabla ya kesi, humbana mwendesha mashtaka pale tu utetezi unapoomba. Mimi huandika barua jioni ileile: nataka maneno ya mteja aliyowaambia maofisa, rekodi yake ya makosa ya nyuma, vitu vilivyokamatwa, ripoti za maabara, na maelezo ya wataalamu watakaoitwa. Tangu Desemba 2019, Kanuni ya 16.1 inazitaka pande mbili zikutane ndani ya siku 14 baada ya mashtaka kusomwa. Nenda na nakala ya barua yako.

Kwenye nyaraka na vitu, pima kwanza. Ukiomba ukapewa, upande wa mashtaka nao unapata haki ya kuona nyaraka na vitu unavyokusudia kutumia kujitetea.

Ushahidi unaomsaidia mteja una mlango wake, uliofunguliwa na Mahakama ya Juu mwaka 1963 katika kesi ya Brady dhidi ya Maryland: mwendesha mashtaka hana ruhusa ya kuuficha. Mwaka 1995, katika Kyles dhidi ya Whitley, mahakama hiyo ilisema mwendesha mashtaka ana wajibu wa kujua hata kile kilichobaki mikononi mwa polisi. Kwa hiyo usikubali jibu la "mimi sina." Muulize kama amewauliza wapelelezi, naye akujibu kwa maandishi. Maelezo ya mashahidi ndiyo huchelewa: kisheria wanaweza kuyashikilia mpaka shahidi amalize kuhojiwa na upande wao. Waombe mapema hata hivyo. Wengi hutoa kabla ya kesi kuanza kusikilizwa.

Kilichonifunza zaidi ni rekodi moja ya simu. Mteja wangu alikuwa Mswahili, na nilichokabidhiwa ni muhtasari wa Kiingereza uliosema anaulizia kama dawa za kulevya zimemfikia mama. Nilidai sauti. Ilipokuja nikavaa vipokea sauti, nikaisikiliza mara tatu. Kijana anauliza, "Dawa za mama zimefika?" Dada yake anajibu, "Zimefika, ila za presha hazitoshi mwezi." Muhtasari ulikuwa umekatwa kabla ya jibu la dada. Niliumia, maana kijana yule alikuwa ameshakaa rumande miezi kadhaa, na karatasi ile ilikuwa imesomwa mbele ya jaji alipoomba dhamana.

Niliandika tena, nikaomba simu zote za juma lile pamoja na sifa za mtafsiri. Mwendesha mashtaka akaiondoa rekodi hiyo kwenye vielelezo vyake. Mashtaka mengine yalibaki, tukaendelea nayo. Siku hizi, mteja akiwa anazungumza lugha yoyote isiyo Kiingereza, sauti kamili ndiyo ombi la kwanza kwenye barua yangu, na huisikiliza pamoja na mtu aliyezaliwa katika lugha hiyo.