Yogati ipi ya supamaketi za Marekani inafanana na mtindi wa nyumbani? Jibu limejificha kwenye safu ya maziwa

Mkuu mleta uzi, umesema una mwezi wa pili Houston, umesimama mbele ya friji la supamaketi ukakuta yogati ukuta mzima ukaondoka na maji ya kunywa tu, na unataka kujua ipi inakaribia mtindi wa nyumbani na ipi ya kugandishwa kwenye friza kama aiskrimu isiyokuwa sukari tupu. Nimecheka sana maana na mimi nilisimama hapo hapo. Mi mtu wa Tanga, nimekua na mtindi wa pakiti wa Tanga Fresh na ule wa bibi wa kwenye kibuyu, kwa hiyo mwaka wa kwanza huku nilinunua karibu kila kikopo kilichoandikwa yogati na nikawa namalizia kwa shida tu kwa sababu hela imeshatoka.

Kosa tunaloanza nalo wengi ni kudhani mtindi na yogati ni kitu kimoja. Sio kabisa aisee. Mtindi unaacha maziwa yagande kwenye joto la kawaida la nyumba, siku nzima au mbili, wadudu wake ni wa joto la kawaida. Yogati maziwa yanachemshwa, yanapoozwa mpaka kama nyuzi 43 hivi, yanatiwa mbegu ya bakteria wawili, Lactobacillus bulgaricus na Streptococcus thermophilus, hawa wanapenda joto, masaa machache tu imeshashika. Ndo maana yogati inashika laini kama uji wa mtoto na uchachu wake unauma ulimi, mtindi wenyewe unamiminika, una mabonge, na una kaharufu ka siagi kwa mbali. Ukishalijua hilo unaacha kuulaumu ule ukuta wa yogati, ulikuwa unatafuta samaki kwenye bucha la nyama ya ng'ombe.

Sasa kuna Jumamosi moja tulionja kwa kushindanisha, nyumbani kwangu. Mimi, mama watoto, mama mmoja jirani yetu Mkongo wa Bukavu, na kaka mmoja wa Eldoret anayefanya kazi na mama watoto. Bakuli 8 zina namba tu, mi nikatolewa nje wakati zinamiminwa ili na mimi nisijue. Zote hazina ladha ya kuongezwa isipokuwa moja ya watoto.

Fage ile yenye mafuta asilimia 5 ilikuwa nzito hatari, ukipindua kijiko haidondoki, mama wa Bukavu akaonja akasema hii ni fromaje, yani jibini, nani kasema ni maziwa, na kwa kweli hakukosea sana kwa sababu inachujwa maji yake mpaka inabaki nzito. Mi naipenda, lakini naitia tango, kitunguu saumu na chumvi nakula na pilau, sio ya kunywa. Siggi's ni ya namna hiyo hiyo, wao wanafuata skyr, yogati nzito ya kuchujwa ya Iceland, kikopo kimoja kinakula maziwa vikopo vinne, ndo maana bei yake sio ya mchezo. Chobani iko katikati, haitishi. Halafu cha kuchekesha, hiyo Chobani, yogati ya kuchujwa inayoitwa ya Kigiriki iliyojaa Marekani nzima, imeanzishwa na Mkurdi kutoka Uturuki, Hamdi Ulukaya, alinunua kiwanda kilichokuwa kinafungwa huko jimbo la New York mwaka 2005, 2007 ikaingia madukani. Waturuki na Wagiriki wamalizane wenyewe.

Noosa ya pesheni ndo ilikuwa ya watoto, ina asali na mafuta yake, waliikwangua mpaka bakuli likang'aa. Ila hiyo ihesabu kama kitindamlo, usijidanganye kwamba umekula kitu cha afya.

White Mountain, ile ya Kibulgaria ya kwenye chupa ya kioo, inatengenezwa hapa hapa Texas, Austin. Hii ni chachu jamani! Kaka wa Eldoret alikunja uso mpaka macho yakapotea, halafu akanyoosha bakuli aongezewe, akasema angalau hii haiogopi. Mama watoto alishindwa kumeza. Dahi, yani mtindi wa Kihindi, ya duka la Wahindi kule barabara ya Hillcroft hapo Houston ilipita vizuri kwa wote wanne, haichomi, ina mafuta, na ndoo yake kubwa kwa bei ya kawaida. Kefiri ya Lifeway, maziwa ya kuchachushwa ya kunywa, isiyo na ladha ya kuongezwa, inamiminika, ina kagesi kidogo kwa ulimi, mi niliipa namba mbili nikidhani imechanganywa na kitu.

Namba moja ya watu watatu kati ya wanne, na mama wa Bukavu hakusubiri hata tuhesabu alisema hii ni mashanza, yani maziwa ya kuganda ya kwao, nani kaleta mashanza, ilikuwa batamilki! Katoni imeandikwa buttermilk, haikai na yogati kabisa, inakaa na maziwa, chini kwenye kona, Wamarekani wanainunua kupikia pankeki na kulowekea kuku wa kukaanga. Zamani ilikuwa yale maji yanayobaki ukishasukasuka maziwa ukatoa siagi, siku hizi ni maziwa yaliyopunguzwa mafuta yakatiwa bakteria wa joto la kawaida, yani ni ndugu wa damu na mtindi. Na ni rahisi kuliko hizo zote nilizotaja juu.

Ila geuza katoni usome nyuma. Nyingine zina chumvi, nyingine wanatia gamu na wanga zikae nzito, hizo ukinywa na ugali utalaani siku. Ukipata iliyoandikwa maziwa na mbegu tu, fanya hivi: nunua nusu galoni ya maziwa mazima, yasiwe yale ya kukaa miezi, tia kikombe kimoja cha batamilki, koroga, funika na kitambaa, acha juu ya kabati usiku mmoja na mchana wake. Msimu wa joto yanawahi, wakati AC inapiga sana yanachelewa. Yakishashika weka kwenye friji. Mi toka nimejua hivi sijanunua tena vikopo vya kunywa, nabakiza kikombe kama mbegu ya mzunguko unaofuata, ukiona ladha imeanza kuwa ya ajabu unanunua katoni mpya.

Kuhusu ile ya kugandishwa kwenye friza sitakudanganya, unaomba kitu kigumu. Sukari ndo inayofanya isiwe jiwe. Nilishajaribu kugandisha dahi bila sukari, asubuhi nikatoa kitu unaweza kuzibia tairi la lori. Kwa hiyo ya dukani isiyo na sukari nyingi ujue kuna kitu kingine kimewekwa badala yake. Angalia mstari wa Added Sugars, kila gramu 4 ni kijiko kimoja cha chai, ukigawanya mwenyewe utarudisha vitu vingi kwenye friza. Mi nanunua zile za kijiti za Yasso kwa sababu ukimaliza kimoja kimeisha, boksi la kuchota nalijua na linanijua. Na kama unataka wale bakteria tafuta muhuri wa Live & Active Cultures: ya friji inatakiwa iwe na milioni 100 kwa gramu wakati inatengenezwa, ya kugandishwa milioni 10 tu. Baridi haiwaui wengi, inawalaza.

Halafu usirudie ujinga wangu, mwezi wa nane niliweka boksi kwenye buti nikapitia kwanza kunyoa. Ikayeyuka, nikairudisha friza kimya kimya, jioni watoto wanauliza mbona ina mchanga. Ikiyeyuka ikaganda tena polepole barafu inajenga chembe kubwa, hakuna dawa.

Kaka wa Eldoret batamilki hakuipa namba moja, yeye alibaki na ya Kibulgaria, na mpaka leo anasema sote tunakunywa maziwa ambayo hayajaisha kupikwa, mpaka kibuyu kipakwe ndani mkaa wa mti wa senetwet ndo yanakuwa mursik, maziwa ya kuganda ya Wakalenjin. Kibuyu kashapata kwa mtu Dallas. Anataka kuja kuchomea kijiti jikoni kwangu kwa sababu kwake king'ora cha moshi kinaita zimamoto moja kwa moja, na mama watoto bado hajajibu.