Barua kwa mwanangu wa Houston: pikapu ya huko na pikapu ya huku

Mwanangu, ugonile. Huku Uyole baridi imeshaanza kuuma, baba yako anashinda na koti mpaka saa sita mchana. Meseji yako nimeisoma, unauliza kati ya Ford F-150, Ram 1500 na Chevrolet Silverado uchukue ipi ya kuvutia tela lako la mashine za kukatia majani hapo Houston, af ukirudi uipakie melini uje nayo tubebee viazi. Umefanya vizuri kuniuliza mimi maana baba yako angekujibu Toyota kabla hujamaliza kuuliza.

Mi naona umeuliza maswali mawili, na gari ya kuyajibu yote mawili kwa pamoja sijaiona.

Tuanze na la huko. Ukienda yadi usianze kuangalia injini wala viti vya ngozi, fungua mlango wa dereva, kwenye fremu yake kuna stika inasema watu na mizigo kwa pamoja visizidi pauni kadhaa. Hiyo ndo isome. F-150 mbili za mwaka mmoja rangi moja zinaweza kupishana uzito mkubwa tu, maana kila walichoongeza, mara kioo cha kwenye paa, mara viti vya umeme, kinakula humohumo. Ukikuta stika ya pauni 1,400 hiyo ni kama kilo 635. Sasa piga hesabu na mimi: we na kijana wako wa kazi kilo 160, boksi la vifaa kilo 100, na tela, wanasema pua yake inatakiwa ilale kwenye gari asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wake, kwahiyo tela la tani mbili na nusu linakukalia na kilo 300 hivi. Umebaki na kilo 75 basi, mfuko mmoja wa simenti na nusu, na hapo muuzaji alishakwambia gari inavuta tani tano. Kuvuta inavuta kweli, tatizo ni mgongo.

Ndo maana nakwambia chukua ile ya kawaida, isiyo na mapambo, stika yake itakuwa nzuri na bei itakuwa nzuri pia.

Kati ya hizo tatu, Ram ndo ina starehe, tangu 2009 wameiwekea koili springi nyuma badala ya zile za mapande kama wenzake, kwahiyo ukiwa mtupu inateleza tu barabarani, ila ukiipakia inakaa kitako haraka. Nyingine zina springi za upepo kabisa, hiyo hata usiguse kama unawaza kuja nayo Mbeya. Halafu kwenye modeli ya 2025 walitoa ile injini ya V8 (silinda nane) ya Hemi wakaweka ya silinda 6 yenye turbo mbili, watu wakalalamika, 2026 wakairudisha. Sipendi kununua gari ambayo wenyewe bado wanabishana iwe na injini gani.

Silverado ningekupa ya V8 ya lita 5.3, haina turbo, ni injini ya kizamani fundi yeyote anaielewa. Ya lita 6.2 kuwa makini, Aprili 2025 kampuni iliita yarudi kukaguliwa magari karibu laki sita huko Marekani ya kuanzia 2021 mpaka 2024 kwa sababu ya kasoro kwenye krenki na koniroo, vyuma vya ndani ya injini, mengine yamebadilishiwa injini, mengine yamepewa oili nzito zaidi tu. Na usidhani Toyota imepona, Tundra nazo 2024 ziliitwa kama laki moja sababu ya vichuma vilivyobaki ndani ya injini kiwandani (hii usimwambie baba yako). Chukua namba ya chesisi uingize kwenye tovuti ya NHTSA, wale wa serikali ya Marekani wa usalama barabarani, ni bure, itakwambia kama gari ina deni la kurudi kiwandani. Fanya hivo kabla ya kutoa hata dola moja.

F-150 ndo ningechukua mimi kwa kazi yako. Ile ya V6 lita 2.7 yenye turbo mbili inatosha kabisa kwa tela la majani, huna haja ya kulisha V8 petroli kila siku asubuhi.

Sasa ya huku, na hapa ndo nasema usiilete.

Kwanza stelingi iko kushoto. Australia wanazibadilisha kuwa kulia ndo wanaziuza lakini hizo za yadi ya Houston ni za kushoto, na we unaujua mlima Kitonga, unafata lori limebeba shaba kutoka Tunduma linashuka kwa kutambaa, unataka kulipita inabidi umuulize abiria kama mbele kweupe. Mi hiyo kazi ya kuchungulia siitaki. Pili upana, zote tatu zinapita mita mbili bila saitimira, Hilux ina mita 1.86 hivi na bado ile njia ya kwenda Matamba wakati wa mvua tukikutana na fuso mmoja anarudi nyuma.

Tatu bodi. F-150 kuanzia ya 2015 bodi yake ni aluminiamu, imeungwa kwa gundi na ripiti, sasa ukigongwa pale Mwanjelwa fundi anakuja na gesi yake na nyundo afanye nini? Na ile Silverado ya dizeli lita 3.0 inataka kimiminika cha DEF, cha kusafishia moshi, kwenye tanki lake pembeni, kikiisha gari inakupunguzia spidi yenyewe, af uko Kitulo usiku na viazi vya watu.

Na hata ikifika salama, viazi vyenyewe itabeba vichache. Lumbesa moja inapita kilo 100, kwa stika ya kilo 635 ukikaa we na utingo unabaki na gunia nne tu, wakati Hilux mgongo wake ni karibu tani na spea zake unazikuta mpaka Tukuyu. Land Cruiser ya singo kabini yenye injini ya 1HZ ndo kabisa, haina turbo kwahiyo mlima Isyonje inalia na mwendo hamna, ila inafika, na asubuhi inawaka.

Kwahiyo nunua F-150 ya huko, ifanyie kazi huko, siku ya kurudi iuze hukohuko uje na hela tutafute Hilux pamoja, kodi yake tutaiangalia kwenye kikokotoo cha TRA kabla hatujaagiza.

Jumamosi ukienda yadi nipigie picha za stika za milangoni unitumie zote, hata za zile ambazo hujazipenda. Na usilipe advansi siku hiyohiyo. Mjomba wako anakusalimu, anauliza ile simu uliyomuahidi imefikia wapi.

Mama