Kwa mnaojiunga na muungano wetu wa kuwasaidia wasio na makazi hapa Malindi

Karibuni sana. Wengi wenu mkifika kikao cha kwanza huuliza blanketi zinagawiwa lini. Ni swali la mtu mwenye huruma, na blanketi zina kazi yake, hasa masika yakianza. Lakini muungano huu haukuundwa kwa kugawa. Msikiti ulikuwa ukigawa, kanisa likigawa, wenye hoteli wakigawa, kabla hatujawahi kukaa pamoja. Aliyekosekana ni mtu wa kumfuata mmoja kutoka kibarazani anapolala mpaka apate chumba chenye ufunguo wake.

Nichukue mfano wa bibi tuliyemkuta nje ya duka karibu na soko. Leso moja alijifunika, ya pili amefungia sufuria, kijiko na picha ya marehemu mumewe. Alitoka bara, upande wa Ganze, baada ya watoto wa ndugu yake kumwita mchawi. Sisi wa Kilifi tunalijua hilo. Mvi zimewaponza wazee wengi, na mara nyingi nyuma ya neno hilo kuna shamba linalotakiwa.

Alishapita miaka 70, kwa hivyo angeweza kuombewa zile shilingi 2,000 za Inua Jamii, msaada wa serikali kwa wazee, kila mwezi. Ila kitambulisho kilibaki kwenye nyumba aliyofukuzwa. Kanisa lilimlisha miezi minne. Kina mama wa chama wakamnunulia godoro, likaibiwa. Hakuna aliyeuliza kitambulisho kiko wapi, maana kila mmoja alidhani mwenzake keshauliza.

Tulipoanza kukitafuta kingine ilituchukua wiki kumi na moja. Kwanza polisi, kuandikisha kuwa kimepotea. Halafu barua ya chifu wa kwao, ambaye ilibidi aelezwe mara mbili kwamba bibi haombi kurudishwa. Alama za vidole zilirudiwa mara tatu kwa kuwa vidole vyenyewe vimesagika kwa miaka ya jembe. Siku zote hizo aliandamana naye dada mmoja, yule yule, na mimi naamini hilo ndilo lililomfikisha. Tungembadilishia mtu kila wiki, angechoka kuanza kueleza upya habari ya kufukuzwa kwake. Sasa ana chumba Maweni, na ile picha imetundikwa juu ya kitanda.

Kwa hivyo mkipewa mtu, andikeni kwenye daftari: jina analotaka aitwe, anapolala, karatasi gani anazo, nani tayari anamsaidia, na yeye mwenyewe anataka nini. La mwisho ndilo tunaloliruka sana. Mwaka wangu wa kwanza tulimrudisha kijana kwao kwa matatu, tukafurahi, tukapiga picha. Hatukumuuliza kilichomtoa. Siku ya nne alikuwa amerudi ufukweni, na safari hii hakutaka kusema nasi. Bado linaniuma.

Swali la nani anamsaidia nalo lina uzito kuliko linavyoonekana. Hospitali ya Malindi ina kliniki ya methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga, yaani heroini, tangu 2015, na kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Ukimtafutia mtu kitanda Kilifi mjini bila kuzungumza na kliniki, umemkatia dawa, na atarudi kwenye unga kabla hajalizoea godoro. Pigeni simu kwanza.

Mtoto ni habari nyingine kabisa. Usimpeleke kwako hata kwa usiku mmoja, hata mvua ikinyesha. Mpeleke kwa afisa wa watoto, na ikiwa ni usiku piga 116, simu ya kuwasaidia watoto. Na hapa hatusemi chokoraa, hata kwa mapenzi.

Msidhani pia kwamba wote wasio na makazi wanaonekana barabarani. Sensa ya 2019 ilihesabu waliolala nje usiku wa tarehe 24 Agosti, ikapata watu 20,000 na kitu nchi nzima. Ila msimu wa wageni ukiisha baada ya Pasaka, hoteli zikapunguza watu, mhudumu wa meza hukosa kodi, na mwenye nyumba huja na kufuli yake. Huyo halali nje. Hulala kwa rafiki wiki hii, kwa shangazi wiki ijayo, sare ya kazi ikiwa kwenye mkoba. Hesabu ya usiku haimwoni. Mwenye kiosk anayemkopesha sabuni anamwona, na mzee wa mtaa pia, na ndiyo maana tunawaomba waje vikaoni. Kodi ya mwezi mmoja ikilipwa wakati huo, hafiki kibarazani. Mimi nasema pesa zetu nyingi ziende huko, na kwenye kikao kuna wasiokubaliana nami. Tutaendelea kulizungumza.

Tunakutana Jumanne baada ya alasiri. Wiki hii kuna wawili ambao hawajapata mtu wa kuandamana nao: baba mmoja wa Muyeye aliyefungiwa nyumba na watoto watatu, na kijana anayeanza methadoni Jumatatu, anayeogopa kuingia kliniki peke yake. Anayeweza kufika saa mbili asubuhi langoni mwa hospitali aniambie.