Maswali ya Wasomaji: Visasili vya Kale Ndani ya Filamu za Leo

Mwezi huu tumejibu maswali kuhusu visasili na tendi za kale, na namna zinavyoendelea kutunga filamu tunazotazama.

SWALI: Filamu nyingi za Marekani zinapita njia moja. Kijana wa kawaida anaitwa, anakataa, anampata mzee wa kumfunza, anapigana, anarudi. Ni sadfa tu? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Si sadfa, ndugu yetu. Mwaka 1949 Mmarekani Joseph Campbell alichapisha The Hero with a Thousand Faces. Humo alilinganisha visasili vya mataifa mengi, akadai kwamba safari ya shujaa ina sehemu tatu, yaani kuondoka, kujaribiwa na kurejea, zenye jumla ya hatua 17. George Lucas alikitumia kitabu hicho alipokuwa akiandika Star Wars, iliyotoka 1977, na deni hilo hakulificha. Katika miaka ya 1980 Christopher Vogler, aliyekuwa akifanya kazi Disney, alizifupisha hatua kuwa 12 katika waraka wa kurasa saba. Waraka ukapita mkono kwa mkono Hollywood, na mwaka 1992 akautolea kitabu kamili. Kwa hiyo waandishi wengi wa skripti wamejifunza mpangilio huo bila kuvisoma visasili vyenyewe.

Hapo ndipo kazi inapoharibika. Hatua 12 zinakupa mfuatano wa matukio, lakini hazikuambii kwa nini tukio moja linalizaa jingine. Katika kisasili, kinachosukuma mambo ni sharti: usigeuke nyuma, usifungue, ukiapa utimize. Msikilizaji anajua tangu mwanzo kwamba litavunjwa, naye anakaa kungoja litavunjwaje. Ukitazama filamu iliyokopa kisasili, jiulize sharti ni lipi, nani analivunja, na malipo yanamwangukia nani. Mavazi, majina na hata miungu vinaweza kuondolewa na hadithi ikasimama. Likiondolewa sharti, zinabaki mbio na ngumi.

Jambo jingine: visasili vingi havina kurejea kwa ushindi. Swali linalofuata linahusu kimoja cha namna hiyo.

SWALI: Nilitazama Orfeu Negro, filamu ya Rio de Janeiro. Nasikia ni kisa cha Wayunani, lakini sikuona mungu hata mmoja, wala kuzimu. – Msomaji, Bujumbura

JIBU: Kuzimu umeiona, ila imevaa nguo za ofisi ya serikali. Filamu hii ya 1959 iliongozwa na Mfaransa Marcel Camus kutokana na tamthilia ya Mbrazili Vinicius de Moraes. Ilipata tuzo kuu ya tamasha la Cannes mwaka huohuo, kisha Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni.

Kisa cha kale, kama walivyokisimulia washairi wa Roma Virgil na Ovid, ni hiki. Orpheus ni mwimbaji na mpiga kinubi. Mkewe Eurydice anaumwa na nyoka na kufa. Mume anamfuata kuzimu, anawalainisha wakuu wa huko kwa muziki, anaruhusiwa kumrudisha mkewe kwa sharti moja: asigeuke kumtazama mpaka wafike juu. Anageuka. Baadaye anauawa na wanawake wa Thrace aliowakataa.

Camus amemfanya Orfeu kondakta wa tramu na mpiga gitaa wa mtaa wa mlimani. Eurydice anatoka shamba akimkimbia mwanamume anayetaka kumuua, na mwanamume huyo anatokea kwenye kanivali akiwa amevaa kama Mauti. Nyoka amegeuka waya wa umeme: usiku, ndani ya karakana ya tramu, Eurydice anamkwepa adui kwa kuning'inia kwenye waya, na Orfeu, akitaka mwanga apate kuona, anawasha umeme. Anamuua kwa mkono wake bila kujua. Hilo halimo katika kisa cha kale, na kwetu ndilo pigo kali zaidi la filamu nzima. Kwa Wayunani hamu ya kumwona ilimpoteza Eurydice mara ya pili tu, lakini Camus ameifanya imuue hata mara ya kwanza.

Halafu inakuja ofisi ya watu waliopotea, marundo ya karatasi na hakuna mtu ila mfagizi. Mfagizi anamteremsha Orfeu kwa ngazi za mzunguko. Langoni pana mbwa aitwaye Cerberus, jina la mbwa mlinzi wa kuzimu. Ndani kuna ibada ya macumba, dini ya Brazili yenye mizizi ya Afrika, ambamo roho huwapanda watu na kusema kwa vinywa vyao. Sauti ya Eurydice inamjia Orfeu kutoka nyuma na kumsihi asigeuke. Anageuka, anamkuta bibi kizee. Sharti linaeleweka hapa hata kwa asiyeamini mungu yeyote wa Uyunani, kwa sababu sauti ndiyo iliyobaki, na anayedai mwili anaikosa hata sauti. Mwisho Mira, mchumba aliyeachwa, anarusha jiwe, na Orfeu anaporomoka gengeni na maiti ya Eurydice mikononi. Wanawake wa Thrace wamekuwa mmoja mwenye wivu.

Wabrazili wengi waliilaumu filamu kwa kuupamba umaskini wa mitaa ile, na wana haki. Ila kwa kujifunza namna ya kuhamisha kisa bila kukivunja, ni mwalimu mzuri.

SWALI: Tumekua na picha za Kihindi. Mbona kila mara kuna mtoto aliyetupwa au kupotea, kisha anapambana na ndugu yake bila kujua? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Asili ziko kadhaa, lakini kubwa ni Karna wa Mahabharata, utendi mkubwa wa India. Sinema ya India ilianzia kwenye tendi: filamu ndefu ya kwanza ya nchi hiyo, Raja Harishchandra ya Dadasaheb Phalke, 1913, ilitokana na kisa cha mfalme asiyesema uongo.

Karna alizaliwa na Kunti kabla ya ndoa, baba yake akiwa Surya, mungu wa jua. Kwa aibu mama alimweka kwenye kikapu na kukiacha mtoni. Akalelewa na mwendesha gari la farasi. Alipotaka kushindana na Arjuna, mpiga upinde hodari, mbele ya halaiki, alidharauliwa kwa nasaba yake. Hapohapo Duryodhana, adui wa Arjuna, akamtawaza mfalme wa nchi iitwayo Anga. Vita vilipokaribia ndipo Karna alipoambiwa kwamba Arjuna ni mdogo wake. Alikataa kumwacha aliyemheshimu, akamwahidi mama yake kwamba hatamuua mwanawe yeyote ila Arjuna, ili hata iweje abaki na wana watano.

Angalia mpangilio: heshima ya hadharani kwanza, ujuzi wa damu baadaye. Ukiupindua, yaani stelingi ajue kwanza kwamba yule ni nduguye ndipo ajiunge na adui, utakuwa umeandika msaliti. Picha nyingi za ndugu waliotengana zinaanguka hapo, au zinamaliza tatizo kwa alama ya mwilini na wimbo wa utotoni, wote wakalia, deni la heshima likasahaulika.

Iliyoshika vizuri ni Thalapathi ya Mani Ratnam, 1991, ya lugha ya Kitamil. Kikapu cha mtoni kimekuwa behewa la treni ya mizigo. Duryodhana ni Deva, mbabe wa mtaa anayewatetea wanyonge, na Arjuna ni mkuu wa wilaya aliyetumwa kuleta sheria. Shujaa, Surya, anakataa kumwacha Deva hata baada ya kuijua damu yake. Mwisho umebadilishwa: Deva ndiye anayekufa, Surya anabaki hai. Kwa maoni yetu mwisho wa utendi una uzito zaidi, lakini mwongozaji hakugusa deni, na ndiyo maana picha bado inauma.

SWALI: Nikitazama Troy ya 2004, nimeijua Iliad? – Msomaji, Kampala

JIBU: Hapana. Iliad, utendi wa Kiyunani wa Homer, inasimulia wiki chache tu za mwaka wa kumi wa vita vya Troy, na inakoma kwenye mazishi ya Hector, shujaa wa Troy. Farasi wa mbao hamo. Kisa chake kinatajwa katika Odyssey, utendi mwingine wa Homer, na kusimuliwa kwa kirefu katika Aeneid ya Virgil. Filamu pia inamuua Agamemnon, mfalme aliyewaongoza Wayunani, ndani ya Troy, ilhali katika visasili anauawa nyumbani kwake, akisharudi, kwa njama ya mkewe Clytemnestra. Kuiondoa miungu si kosa. Sharti la Achilles, shujaa mkuu wa Wayunani, limebaki, kwamba akikaa vitani atakufa kijana na jina litadumu, na akirudi kwao ataishi sana na kusahaulika.

SWALI: Nataka kuandika skripti ya Fumo Liongo, bajeti ndogo. Nianzie wapi, na nijihadhari na nini? – Msomaji, Lamu

JIBU: Anza na kitovu. Liongo, shujaa wa tendi za Waswahili, hauawi kwa silaha yoyote ila sindano ya shaba ichomwe kitovuni, na siri hiyo anaitoa mwenyewe kwa mwanawe, aliyetumwa na mfalme kwa ahadi ya mke. Filamu yako yote inafanya kazi ya kufikia hapo.

Kwa filamu ya dakika 90 kadiria kurasa 90 za skripti, ukurasa kwa dakika. Kurasa 25 za mwanzo zioneshe kwamba haiwezekani kumuua. Tukio la mikoma, miti ya jamii ya minazi izaayo koma, linafaa sana: wenzake wanapokezana kupanda na kuangua, wamepanga kumpiga mishale zamu yake ikifika, naye anaziangusha koma kwa upinde bila kupanda. Kisha kifungo. Mama anaoka mkate wa wishwa wenye tupa ndani, ngoma ya gungu inapigwa nje kwa ombi la mfungwa, na kelele yake inafunika mkwaruzo wa tupa kwenye pingu. Hapo sauti ndiyo kila kitu, kwa hiyo rekodi ngoma na tupa mbalimbali, uzichanganye baadaye. Ukizirekodi pamoja tupa itamezwa na tukio litakosa maana.

Sindano ionekane angalau mara mbili kabla ya siri kutajwa, mikononi mwa mtu anayeshona, kamera isikae nayo. Ikizuka ukurasa wa 70 kwa mara ya kwanza, mtazamaji atahisi ametapeliwa. Mtoto naye mpe muda wa kutosha. Skripti nyingi za namna hii humfanya mwovu tangu anapoingia, basi baba anaonekana mjinga kwa kumwamini. Mwache ampende baba yake kweli, na amtake yule binti kweli.

Usikate baada ya sindano. Liongo aliyechomwa anakwenda kisimani, anapiga goti na upinde umevutwa, anafia hapo, na watu hawathubutu kuteka maji wakidhani yu hai. Mji unashikwa na kiu kwa kumwogopa maiti, mpaka mama yake anapokuja. Hii inahitaji kisima kimoja, watu wachache na ndoo tupu. Wala usihitimishe kabla ya kuonesha kwamba mwana hakumpata mke aliyeahidiwa.

Nyimbo ziache katika lahaja yake na utie manukuu chini ya picha. Ukizisanifisha, vina vinavunjika.

SWALI: Kisa cha kale kina mwenyewe? Naweza kushtakiwa? – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Kisa cha Orpheus, Karna au Thor, mungu wa radi wa Skandinavia, ni cha wote. Kinacholindwa ni kazi mahususi ya mtu: tafsiri, tamthilia, sura ya mhusika kama ilivyochorwa na studio. Thor mwenye nyundo ni wako kutumia. Thor wa kampuni ya Marvel, kwa vazi lake na maneno yake, si wako. Kwa hadithi za jamii zetu kuna jambo la ziada. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa na sanaa za jadi, na Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya 1999 nayo inazigusa. Kama unatengeneza filamu ya kuuza, peleka muhtasari wa ukurasa mmoja kwa mamlaka ya hakimiliki ya nchi yako kabla ya kupiga picha, na weka kwa maandishi ulikichukua kisa kutoka kwa msimulizi gani au chapisho lipi.