Mume Wangu Anajitetea kwa Riwaya

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema mumeo, ambaye ni daktari, amekiri kwamba ana mwanamke mwingine, na ulipomuuliza sababu hakuomba radhi, bali alikuwekea mezani riwaya ya Milan Kundera, mwandishi wa Kicheki, ya mwaka 1984, ile ya wepesi usiovumilika wa kuishi, akakuonyesha mahali alipopigia mstari: maisha huja mara moja tu, na jambo lililotokea mara moja ni kama halikutokea. Unaniuliza kama wewe ndiye mshamba usiyeelewa falsafa, na kama ni vibaya kuficha kinasa sauti ndani ya gari lake.

Ushamba huna, mwanangu. Mumeo ndiye aliyesoma nusu. Ni kweli kwamba Tomas, mhusika mkuu wa riwaya hiyo na daktari wa upasuaji wa Prague, anashikilia kuwa kulala na wanawake wengi ni jambo moja, na kusinzia huku mkewe Tereza amemshika mkono ni jambo jingine kabisa. Lakini kitabu hicho hicho kinatuingiza katika ndoto za Tereza, ambamo wanawake walio uchi wanalizunguka bwawa la kuogelea wakiimba, na mume wake, akiwa katika kapu lililoning'inia juu yao, anampiga risasi kila anayekosea. Tomas hujisugua vizuri kabla ya kurudi nyumbani, ila husahau nywele, na Tereza hulala akivuta harufu ya mwanamke mwingine. Wewe uliyeandika kwamba siku hizi mumeo hurudi ameshaoga, tena kwa sabuni isiyo yenu, huhitaji mtu wa kukufafanulia ukurasa huo.

Tena huyo Tomas anayetolewa ushahidi alilipa. Baada ya majeshi yaliyoongozwa na Urusi ya Kisovieti kuivamia Chekoslovakia mwezi Agosti 1968, yeye na Tereza walikimbilia Zurich, Uswisi, na Tereza aliposhindwa kuvumilia akarudi peke yake na mbwa wao, Tomas aliufurahia uhuru wake kwa siku chache tu, kisha akamfuata, akijua kwamba mpaka ungefungwa nyuma yake. Alipokataa kuikana makala aliyoiandika kuwakosoa wakomunisti, alipoteza kazi ya udaktari akaishia kuosha madirisha. (Ukweli usemwe: hata na ndoo yake mkononi hakuwaacha wanawake, Kundera hakuandika kisa cha toba.) Mumeo, kwa maelezo yako, hajapoteza hata usingizi.

Kuhusu kinasa sauti, nakusihi usifanye. Riwaya hiyo inakumbusha kisa cha kweli cha mwandishi Jan Procházka, ambaye polisi wa siri walirekodi mazungumzo yake ya faragha na rafiki yake, kisha mwaka 1970 yakatangazwa redioni ili aaibike mbele ya taifa. Watawala wale walikuwa wakitafuta fedheha. Wewe unatafuta nini, ilhali mwenyewe amekwisha kukiri? Utakachopata ni sauti ya yule mwanamke, na hiyo ikishaingia masikioni haitoki.

Mwite mshenga wenu, au baba yake mdogo unayesema kuwa anamheshimu, na mbele yake mumeo aseme waziwazi, bila kitabu mkononi, kama anaacha au haachi. Kabla ya kurudi chumba kimoja, nendeni mkapime nyote wawili. Udaktari wake si kinga. Wala sikushauri uwe Tereza, aliyeshikamana na mumewe mpaka wakafa pamoja katika ajali ya lori mashambani, kwa maana uvumilivu wake ulimla kwanza yeye mwenyewe.

Riwaya mrudishie. Ila kabla ya kumrudishia, kunja ukurasa wenye ndoto ya bwawa, umwombe akusomee kwa sauti.

Shangazi yako