Hesabu siku kabla ya kuchuma

Mwanangu alikuwa na miaka mitano alipochuma nyanya shambani, akaipangusa kwenye shati na kuila. Nilikuwa mstari wa tatu kutoka pale, nimeinama nafunga mche kwenye mti. Nilipogeuka, alikuwa amebakiza kipande kidogo tu. Kwenye nyanya ya jirani, karibu na kikonyo, niliona matone meupe yaliyokaukia pale pale, ya mviringo, kila moja na ukingo wake. Ni dawa niliyoipiga mwenyewe siku nne kabla.

Nilikwenda stoo nikaitafuta ile chupa. Maandishi madogo yalisema siku 14 tangu kupiga hadi kuvuna. Nilikuwa nimeitumia misimu mitatu bila kuusoma mstari ule. Nilichosoma ni kipimo cha kuchanganya, basi. Mtoto hakuumwa, namshukuru Mungu. Lakini usiku ule sikupata usingizi kwa kufikiria makreti yote niliyokwisha kuyauza: nyanya za siku nne, za siku tano, zimeliwa na watoto wa watu ambao hawakuona hata tone, maana nilizifuta ziking'aa kabla hazijatoka shambani.

Ukiwa mkulima na ukachukua jambo moja tu kwangu, chukua hili la kuhesabu siku. Dawa ikitua kwenye mmea huanza kuvunjika: jua linaivunja, mvua inaiosha, mmea wenyewe unaisaga polepole, na tunda likiendelea kukua, kiasi kile kile kinagawanyika katika uzito mkubwa zaidi. Siku zilizoandikwa kwenye lebo zimetokana na majaribio ya shambani, ambako mabaki hupimwa hadi yashuke chini ya kiwango kinachoruhusiwa. Viwango vya kimataifa huwekwa na Tume ya Codex Alimentarius ya FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, iliyokutana mara ya kwanza mwaka 1963, na huandikwa kwa miligramu kwa kilo ya chakula. Miligramu moja katika kilo ni sehemu moja katika milioni. Hakuna jicho wala ulimi wa kugundua kitu hicho. Mkulima asiye na maabara ana kalenda tu.

Na kalenda hiyo inakubali kipimo cha lebo pekee. Ukizidisha dawa "ili ikamate", zile siku 14 hazikuhusu tena. Ukipiga dawa mbili, fuata yenye siku nyingi zaidi.

Najua wengi hutegemea kuosha. Osheni, tena kwa maji yanayotiririka huku mkisugua kwa mkono, na kabichi itolewe majani ya nje. Msitumie sabuni, kwa sababu nayo hunywea ndani ya chakula. Ila mjue kuosha kunafika wapi. Kuna dawa zinazokaa juu ya ngozi, na kuna zinazoingia ndani na kutembea na utomvu, kama imidaklopridi na dimethoeti. Hizo za pili huwezi kuziosha. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts walijaribu kuosha matufaha kwa magadi ya kuokea yaliyoyeyushwa katika maji. Yaliondoa mabaki ya juu ya ngozi vizuri kuliko maji matupu, ila ilichukua dakika 12 hadi 15, na dawa iliyokwisha kupenya ilibaki. Kwa hiyo usalama wa mlaji huamuliwa zaidi shambani kuliko jikoni.

Hapo ndipo njia za asili ziliponisaidia, hasa wakati mgumu kuliko wote: matunda yameanza kuiva, wadudu wameingia, na dawa ya siku 14 haiwezekani tena. Kwa vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, natumia maji ya sabuni, mililita 10 hadi 20 za sabuni kwa lita ya maji, jioni jua likishapoa. Sabuni huua mdudu iliyemgusa tu, kwa hiyo pinda jani upige upande wa chini. Jaribu majani machache kwanza na usubiri siku mbili, maana ikizidi inaunguza. Kwa viwavi wadogo natwanga mbegu za mwarobaini, gramu 50 kwa lita ya maji, naloweka usiku kucha, nachuja na kupiga. Usitarajie viwavi waanguke siku ile ile. Wanaacha kula, wanashindwa kujivua ngozi, na baada ya siku chache wanakwisha. Nilipoanza nilikata tamaa kesho yake nikarudia kemikali, na hilo lilikuwa kosa la haraka yangu.

Kabla ya kupiga chochote, chuchumaa uangalie jani kwa karibu. Ukiona vidukari waliovimba, wamegeuka rangi ya kahawia na hawatikisiki, usiwaguse: nyigu mdogo sana ametaga ndani yao, na kila mmoja atatoa nyigu mwingine. Ukiona kidudu cheusi kirefu chenye madoa ya machungwa, mfano wa mamba mdogo, ujue ni mtoto wa yule mdudu mwekundu wa mviringo mwenye madoa meusi, na anakula vidukari kutwa nzima. Niliwaua wengi sana hao nikidhani ni maadui.

Neno "asili" nalo lisitulaze. Maji ya tumbaku yana nikotini, sumu kali kwa binadamu, na mimi siyapigi kwenye chochote kinacholiwa. Wengine hudhani pareto, dawa inayotokana na maua, ni kitu kimoja na dawa za kiwandani zilizoigwa kutoka kwake. Pareto halisi huvunjika upesi juani. Permethrini, moja ya hizo za kiwandani, ambayo Michael Elliott na wenzake wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, waliitangaza mwaka 1973, iliundwa makusudi ivumilie jua. Kwa hiyo hata ukiambiwa dawa ni ya maua, soma lebo.

Siku hizi kila safu ninayoipiga naichomekea kibao chenye tarehe mbili: ya kupiga na ya kuchuma. Daftari ni langu, lakini kibao ni cha wachumaji ambao hawakuwepo nilipopiga. Safu yenye kibao haichumwi, hata mnunuzi akiwa amesimama kando na makreti yake. Msimu uliopita nilikosea mpango nikapiga nikiwa nimechelewa, matunda yakaiva kabla ya tarehe. Safu mbili zilipasukia mtini. Ziliniuma, nikazichimbia shimo na kuzifukia.